Siku Tulipoliinua Paa la Mama Emanueli

Nyie vijana mnaopanda juu ya nyumba na drili ya betri kiunoni, hebu shukeni kwanza mje huku chini. Paa hukaguliwa kutoka chini. Anayelikagua akiwa juu anajikagua mwenyewe tu kama ana kizunguzungu. Nimepaua nyumba Babati tangu nikiwa na nywele nyingi kuliko zenu. Nimepaua Bagara, nimepaua Nangara, nimepaua hadi kule juu kuelekea mlima Kwaraa ambako upepo hauna adabu hata kidogo. Sasa magoti yamegoma. Nakaa kibarazani kwangu Nangara nawatazama mkipita na bodaboda, mmebeba bati za msauzi zenye rangi ya damu ya mzee. Bati nzuri, sibishi. Lakini nikiona mnavyozifunga moyo unanidunda, na leo nitasema, maana nikinyamaza nitapasuka.

Naanza na swali. Paa likiharibika linakwenda wapi? Kila kijana ninayemuuliza ananijibu chini. Ndiyo maana mnaongeza mbao, mnaongeza nguzo, mnapiga mguu kwenye kenchi mnasema imara. Wanangu, paa linakwenda juu.

Aliyenifundisha hilo ni Mzee Bura, Mwiraqw wa Mbulu aliyeshuka Babati na nyundo moja na Biblia moja, Mlutheri asiyecheka kazini. Siku yangu ya kwanza aliniambia nichukue bati nilipeleke upande wa pili wa kiwanja. Upepo wa mchana ulikuwa unatoka ziwani. Nikalibeba bapa kifuani, kama mtu aliyebeba sinia la pilau. Sikufika. Badala ya mimi kulipeleka bati, bati ndilo lililonipeleka mimi. Lilinitupa kwenye maharage ya jirani, na lenyewe likaendelea na safari yake. Mwenye maharage akatoka, akaniuliza kama nimeumia, na alipohakikisha mimi ni mzima akacheka hadi akakaa chini. Mzee Bura alinifuata pale pale kwenye matope.

"Umeona?" akaniambia. "Bati haliogopi kuanguka. Linataka kuruka. Kazi yako ni kulizuia."

Hicho ndicho chuo changu cha ufundi, nilisoma nikiwa nimelala chali. Tangu siku ile nabeba bati kwa ubavu, ncha yake ikiukata upepo, na nyie mfanye hivyo hivyo kama mnapenda maharage ya watu yapone.

Kwa sababu hiyo Mzee Bura alikuwa na desturi ambayo mafundi wengine wa mji waliiona wazimu. Akimaliza kupaua, kabla dari halijapigwa, aliita majirani, waume kwa wake, na kila mmoja alikuja na mti mnene wa kujengea. Wanaingia ndani, wanaegemeza ncha za miti chini ya kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa, halafu kwa wimbo mmoja wanasukuma juu kwa nguvu zao zote kana kwamba wanataka kuling'oa paa walitupe ziwani. Mwenye nyumba yuko pembeni, roho mkononi. Paa likitingishika hata kidogo, fundi anafungua na kurudia. Likikataa, watu wanakula makande. Tuliita kuinua paa, ingawa raha yote ilikuwa pale linapokataa kuinuka.

Mfanyabiashara mmoja wa Bagara, mtu wa kuja, alitukuta ndani kwake tunasukuma akadhani tumekasirika naye, tunambomolea nyumba. Alikimbia kumwita mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akafika, akaelezwa, akavua koti, akachukua mti na kusukuma pamoja nasi. Yule bwana alitutazama kwa muda, kisha akaagiza soda za watu wote.

Mnataka kujua paa linakatalia wapi? Kwenye waya. Kabla zege la linta halijakauka, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha, zamisha humo waya mnene uache mikia yake ikining'inia. Kenchi ikikaa ukutani, mikia inapanda, inaikumbatia mbao, unaisokota kwa plaizi mpaka waya uimbe ukiugonga kwa kucha. Ukikatika umezidisha, weka mwingine, usione uvivu. Msumari wa bati unapigwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji yanapita. Bati za ukingoni na za kwenye kofia ya kileleni zipigilie kila mgongo, kwa maana upepo huanzia ukingoni, kama mtu anavyomenya chungwa. Na paa la kibaraza lipaue peke yake, lisishikane na paa kubwa. Upepo ukilitaka uchukue hilo, uwaachie nyumba.

Sasa nije kwenye mawe, na hapa ndipo damu yangu inapochemka. Piteni mitaani mtazame nyumba ndogo. Juu ya bati kuna mawe, kuna tairi kuukuu, kuna gogo. Wageni wanadhani ni urembo. Mzee Bura alinieleza asili yake. Wazee wetu wa Kiiraqw na Kigorowa waliishi kwenye tembe, nyumba zilizochimbwa kwenye mteremko wa kilima, paa bapa la miti lililofunikwa udongo, mbuzi anapanda kula majani wewe umelala chini yake. Upepo ungefanya nini pale? Paa lilijishika kwa uzito wake lenyewe. Bati lilipoingia watu walibadilisha paa, ile imani ya uzito wakabaki nayo. Wakiusikia upepo wanaongeza jiwe. Nimelipinga jambo hili harusini, msibani na nje ya kanisa baada ya misa, hadi watu wakiniona wanasema huyo anakuja na mawe yake.

Jirani yangu Paskali, Baba Emanueli, ndiye aliyenitania kuliko wote. Alikuwa mkulima, mtu wa mzaha, na nyumba yake alikuwa ameipanga mawe meusi ya mtoni kutoka ukingo hadi ukingo. Siku moja nilimsimamia pale nje nikamweleza habari za waya hadi mate yakanikauka. Akanijibu kwa utulivu, "Baba Theresia, babu yangu alilala chini ya kilima kizima na hakikumwangukia." Na ni kweli. Tukacheka, nikaenda zangu kazini.

Kimbunga kilinikuta juu ya paa huko Bagara. Nilikuwa na fundi mwenzangu Masawe, na kenchi tulikuwa ndiyo kwanza tumezisimamisha, hatujafunga. Ilikuwa mchana, wakati wa vuli. Visulisuli vya vumbi tunavijua sote, vinapita uwanjani vinaokota mifuko ya plastiki na kofia za watoto. Hiki kilikuwa baba yao. Kwanza ziwa lilibadilika rangi, kisha wingu likashusha mkia, mweusi, mwembamba, unazunguka, ukagusa maji na maji yakaanza kupanda. Nawaambia ukweli wangu: nilifurahi. Sijawahi kuona kitu cha namna ile maishani, nikawa namwambia Masawe tazama, tazama. Masawe alitazama mara moja tu, akashuka bila kutumia ngazi.

Ule mkia ulipotoka majini ukaingia nchi kavu, ulibadilika ukawa wa rangi ya udongo, na ndani yake nikaona vitu vinazunguka. Nikaelewa kuwa ni bati. Furaha ikaniishia hapo hapo. Nikaruka. Kwenye kiwanja cha jirani kulikuwa na mtaro wa msingi, tukajitupa humo kifudifudi, mikono kichwani. Mkikutwa na kitu kama kile, msikimbizane nacho na msijifiche nyuma ya ukuta. Tafuteni mahali pa chini mlale. Pale mtaroni nilisikia misumari ikitoka kwenye mbao za nyumba za jirani, kwii, kwii, mmoja mmoja, halafu yote kwa pamoja. Fundi akiisikia sauti hiyo haimtoki tena masikioni. Bati zilipita juu yetu zimesimama wima. Kenchi zetu zilikwenda zote, na ngazi ikaenda nazo.

Kilipopita, ikaja mvua ya mawe, kisha jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Tuliinuka tukaona mji mwingine. Nguzo za umeme zimelala. Migomba imekatwa. Bajaji iko chali na dereva wake amekaa kando yake anajipapasa mbavu, haamini kuwa yuko hai. Mahindi ya watu yalikuwa kama yamepitiwa na lori. Darasa moja lilibaki kuta tupu, na namshukuru Mungu hadi leo kwamba watoto walikuwa wametoka. Watu walikufa. Sitawataja, wana watoto hapa mjini watakaosoma maneno haya. Wiki ile kengele za Wakatoliki na za Walutheri zilipokezana, na maseremala waliacha madirisha na milango, wakawa wanatengeneza majeneza tu.

Nilipofika Nangara nilikuta watu wameinama ukutani kwa Paskali. Alikuwa ametoka nje kumwingiza mbuzi. Upepo uliponyanyua bati upande mmoja, mawe yote yaliporomoka upande wa pili, na huko ndiko alikokuwa amesimama. Alikuwa amekwisha kufa, kamba bado iko mkononi, na mbuzi ni mzima. Tulimwondolea mawe kwa mikono. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Baada ya matanga Mama Emanueli alikataa kuingia chini ya bati. Si nyumba yake tu, bati lolote. Tulimkaribisha majirani wote, akatukataa wote. Akija kwangu alikaa kibarazani mguu mmoja uko nje, macho juu. Alilala kiwanjani chini ya turubai na yule mbuzi wake. Mwanawe Emanueli alikuja kutoka machimboni Mirerani na mbao na bati mpya, akaniomba nipaue nyumba. Kisha akanivuta pembeni akaniambia kuwa masika haitamkuta mama yake chini ya turubai. Asipoingia ndani kufikia mvua, atampeleka Mbulu kwa mama yake mdogo, na kiwanja kitauzwa. Mama mwenyewe alikuwa hataki kuondoka, maana Paskali amezikwa hapo hapo nyuma ya nyumba, kando ya shamba. Lakini bati nalo alikuwa haliwezi.

Siku moja nikiwa nakata mbao aliniletea chai, akasimama. "Mawe nilibeba mimi, Baba Theresia," akasema. "Siku zile upepo ulipoanza kuchezea bati, akaniambia niongeze. Nikayaleta kutoka mtoni kwa kichwa. Yeye yuko juu anapokea."

Nilimwambia tu kwamba mtaa mzima ulikuwa unafanya vile. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kikombe akaenda kukiosha.

Kuta za nyumba zilikuwa zimebaki. Paskali alizijenga mwenyewe kwa tofali za udongo na udongo mtupu katikati yake, na linta hakuwahi kuweka. Mimi na Masawe tulitoboa chini ya mistari ya juu ya tofali, tukapitisha waya, tukafunga kenchi, tukasokota hadi ukaimba. Juu palikuwa pazuri ajabu. Lakini waya unashika kile ulichofungiwa, na hili sikulipenda. Nikamwambia Masawe tuwaite watu waje na miti, tuliulize paa lenyewe.

Walikuja wengi. Mama Emanueli alisimama mbali, karibu na turubai lake, mikono imefumbata kanga. Tukaingia, tukaegemeza miti, tukaimba, tukasukuma. Upande wa mlangoni paa lilikataa kabisa na watu wakaanza kushangilia. Kisha pembe ya upande wa ziwa ikainuka. Iliinuka polepole, waya umekaza vizuri kabisa, na tofali za Paskali zikainuka nayo. Wimbo ukakatika. Tukalishusha taratibu, vumbi likimwagika vichwani mwetu.

Masawe akasema taratibu kwamba dawa ni kubomoa kuta, kujenga upya na kumwaga linta. Alikuwa na haki. Lakini saruji hatukuwa nayo, nondo hatukuwa nazo, na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya Kwaraa. Emanueli akatoa simu, akatoka nje kumpigia mama yake mdogo.

Mimi nilikuwa najua njia ya pili. Kama ukuta hauwezi kulishika paa, ardhi inaweza. Unachimba chini kando ya ukuta, unazika kitu kizito, unakifunga waya, waya unapanda hadi kwenye kenchi. Nikaanza kueleza kwa sauti, nikafika pale kwenye kitu kizito nikanyamaza, maana nilijua ni kitu gani kizito kilichokuwa kwenye kiwanja kile. Yalikuwa nyuma ya choo, yamefunikwa majani ya mgomba Mama Emanueli asiyaone. Watu wote walijua, na wote wakatazama chini.

"Mawe yapo," akasema Mama Emanueli. Alikuwa amesogea hadi mlangoni, ila kizingiti hakukivuka. "Yana kazi huko chini?"

"Yana kazi, mama. Huko ndiko yanakotakiwa."

Akatazama kule nyuma ya choo. "Basi chimbeni."

Vijana, sijawahi kuona kazi ikienda vile. Wanaume wakashika majembe na sululu, wanawake wakapanga mstari kutoka chooni hadi ukutani. Jiwe la kwanza alilibeba yeye, kwa kichwa, kama alivyolileta. Mimi nikawa nafunga kila jiwe waya msalaba, kama mtu anavyofunga furushi la safari, Masawe anaweka shimoni, watu wanashindilia udongo kwa magogo. Emanueli alikata simu akavua shati. Tulizunguka nyumba nzima, na pembe ya upande wa ziwa tuliipa mawe makubwa kuliko yote. Kila waya niliugonga kwa ukucha. Uliimba.

Tukainua tena. Safari hii Mama Emanueli alivuka kizingiti, akachukua mti kutoka mkononi mwa mwanawe, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ile. Nimeinua mapaa na wabeba mizigo wa sokoni wenye vifua vya ng'ombe, lakini sijaona mtu akisukuma namna ile. Mishipa ilimtoka shingoni. Akaanza kulisemesha paa kwa Kiiraqw, maneno ambayo sitayaandika, hadi wazee wakageuza nyuso. Sote tulisukuma pamoja naye. Paa lilikaa. Hata vumbi halikudondoka. Akauachia mti, akasema kwa sauti ya kawaida, "Limekataa," akatoka kwenda kupakua makande.

Mimi nikadhani mambo yamekwisha. Hapana. Aliendelea kulala chini ya turubai. Aliingia nyumbani mchana kufagia, kupanga vyombo, na jioni anatoka na blanketi lake. Emanueli akarudi Mirerani, akasema mvua ikianza anakuja kumchukua. Nikawa kila siku natazama mawingu kama mtu anayedaiwa.

Ilianza mchana, wiki ya kwanza ya masika. Wingu halikushusha mkia siku hiyo, lakini upepo uliotoka ziwani ulikuwa wa hasira kweli kweli. Nilisahau magoti yangu. Nilikimbia, mzee mzima, kofia ilishaniacha njiani, nikamkuta Mama Emanueli hayupo, na turubai liko juu ya mjakaranda wa jirani linapigapiga. Niliita, sikusikia hata sauti yangu. Nikakimbilia kwenye nyumba yake, na nilipofika nikasimama nje, nimetazama juu, nasikiliza misumari. Nangoja ile kwii.

Mlango ukafunguka. Alikuwa yeye, na nyuma yake, nyumba nzima, nikaona mtaa. Akina mama na watoto wachanga, muuza samaki na ndoo yake, wanafunzi waliokuwa wanatoka shule, wazee wawili wanagombania kigoda. Aliwaita yeye mwenyewe kutoka barabarani, mmoja mmoja.

"Baba Theresia, unangoja nini hapo nje?"

Nikamwambia nasikiliza misumari.

"Utaisikilizia ndani," akasema, akanivuta kwa shati.

Akanipitisha katikati ya watu hadi kwenye kitanda, akaniambia nikae. Kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na kilikuwa kwenye pembe ya upande wa ziwa, ukuta tu ukikitenga na yale mawe makubwa. Nikakaa. Upepo ukaja ukalishika paa, ukalivuta, ukaliachia, ukalivuta tena. Ukutani nyuma ya mgongo wangu waya ukaanza kuimba, sauti nyembamba, moja kwa moja. Misumari ilinyamaza. Mama Emanueli alinipa kikombe cha chai, akaniambia nivute miguu nisimkanyage mbuzi wa Paskali.